Springi Iliyopakwa Rangi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sisimizi alifungua mlango wa gereji. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Nyumbani walimwita Sisimizi kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, lakini ukimwona, lazima kuna kitu amebeba.

Gereji hiyo haikuwa na gari. Mama yake alikuwa akifulia humo mashuka ya nyumba za wageni. Kulikuwa na mashine mbili za kufulia, meza ndefu ya kupigia pasi, na kamba zilizofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango wake ulikuwa wa chuma kizito, wa kupanda juu na kulala chini ya dari. Sisimizi alikuwa akiinama, anashika mpini, anavuta kidogo tu, na mlango unapanda kama vile hauna uzito.

"Mwanangu ana nguvu za trekta," mama alipenda kutania.

Kwa kweli nguvu hazikuwa zake. Zilikuwa za springi nene iliyofungwa juu ya mlango, ambayo ndiyo iliyobeba uzito wote. Mdogo wake, Bonge, ambaye bado hajaanza shule, alikuwa akisubiri ndani ya toroli la nguo, hapo kizingitini, ili mlango ukifunguka asukumwe hadi nje akicheka.

Siku moja kitu kililia gerejini, paa! Mama akadondosha pasi. Walidhani mtungi wa gesi umelipuka. Walipotazama juu waliona springi imekatika vipande viwili. Bahati nzuri mlango ulikuwa umefungwa. Walijaribu kuuinua, mama, Sisimizi na mjomba wake, wakatoka jasho tu. Haukutikisika.

Fundi wa milango aliitwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipanda ngazi, akagusa hapa na pale, akasonya, kisha akataja bei. Mama akashika kiuno.

"Kwa springi moja? Fundi, mimi nafua nguo, sichapishi noti!"

"Springi, waya wa kulia, waya wa kushoto, na kazi yangu," fundi akajibu bila hata kumtazama. "Kama unataka kitu cha kubandika-bandika, tafuta mtu mwingine."

"Basi nitamtafuta."

Fundi akafunga mkoba wake, akaenda zake bila kuaga.

"Umemwona alivyo na kiburi?" mjomba akadakia mara tu lango lilipofungwa. "Dada, huyo anataka kukuchuna. Nipe nusu ya hela aliyotaja, kesho mlango unafunguka."

Mjomba alikuwa kitindamimba wa kwao mama, na aliishi nao. Ndiye aliyemfundisha Sisimizi kuendesha baiskeli. Ndiye aliyemwelewesha hesabu za sehemu kwa kukata chapati mpaka zikaisha, nyingine akizila mwenyewe. Nyumba nzima hakuna aliyemchekesha Sisimizi kama yeye. Mama akampa hela.

Kesho yake, Sisimizi alipotoka shule, alimkuta mjomba amechuchumaa nyuma ya nyumba, brashi mkononi, anapaka springi rangi nyeusi. Upande ambao rangi haijafika ulikuwa umejaa kutu.

"Shikamoo, mjomba. Hiyo si mpya."

"Marahaba. Imekaa dukani muda mrefu, ndiyo maana."

Sisimizi akachutama karibu naye. Kati ya mizunguko ya ile springi aliona mstari mwembamba kama unywele.

"Mjomba, hapa pana ufa."

"Huo mkwaruzo tu." Mjomba akapitisha brashi, na mstari ukapotea. Kisha akatazama dirisha la jikoni, akashusha sauti. "Sikiliza. Hii nimeitoa kwa wauza vyuma chakavu. Kwa hela iliyobaki nimekomboa simu yangu kwa yule aliyekuwa anaitengeneza. Mama yako akijua, nitalala nje. Mwisho wa mwezi nanunua mpya, kabisa. Hii iwe siri yetu mimi na wewe, sawa?"

Sisimizi alitikisa kichwa kukubali.

Springi ikafungwa. Mlango ukapanda, ukashuka. Mama akapiga makofi, akasema laiti yule fundi angeuona. Lakini Sisimizi, aliyeufungua kila siku, alisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia kwa ngurumo za mashine. Kila mlango ulipofika nusu, kitu kule juu kililia kwa sauti nyembamba, kwii, kisha kikanyamaza.

Baada ya siku chache, mama alianza kulalamika. Mashuka meupe yaliyopita karibu na mlango yalikuwa na vipande vidogo vyeusi.

"Masizi haya yanatoka wapi? Hapa hatupikii kuni!"

Sisimizi alijua yanakotoka. Alipanda juu ya meza ya pasi wakati mama yuko uani, akatazama. Rangi ilikuwa inabanduka pale pale mjomba alipopitisha brashi, na ule mstari wa unywele sasa ungeweza kupitisha ukucha.

Usiku hakupata usingizi. Darasani mwalimu alimwita mara mbili ndipo akasikia. Alipotoka shule alimfuata mjomba, akamwambia ufa umepanuka.

"Mwisho wa mwezi, nimekwambia," mjomba akasema. Safari hii hakutania.

Jioni ile Sisimizi aliona kitu kingine. Mjomba alikuwa anatoka gerejini na beseni la nguo. Alipofika chini ya mlango, aliharakisha. Alipita mbio, mabega ameyakunja, kama mtu anayekimbia mvua. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa.

Jumamosi kulikuwa na mzigo mkubwa. Mashuka yalitakiwa mapema, na mama na mjomba walikuwa wamekwisha kuyafunga. Bonge alikuwa ndani ya toroli, kizingitini, akipiga kelele asukumwe.

"Sisimizi, fungua mlango."

Sisimizi alikwenda hadi mlangoni, akageuka, akauegemea kwa mgongo.

"Sifungui, mama."

"Unasemaje?"

"Springi si mpya. Ina ufa, na unazidi kupanuka. Mjomba aliipaka rangi ili usiuone." Maneno yalimtoka kwa mpigo mmoja. Hakuthubutu kumtazama mjomba.

Mama aliweka chini furushi la mashuka. "Ni kweli?"

Mjomba alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Dada, unasikiliza maneno ya mtoto? Ngoja nikuonyeshe." Akamsogeza Sisimizi pembeni, akashika mpini.

Sisimizi hakungoja. Alimchomoa Bonge kutoka kwenye toroli, akarudi naye nyuma hadi kwenye mashine. Bonge alilia na kumpiga ngumi kifuani. Sisimizi akazidi kumbana.

Mlango ulipanda. Kwii. Ukafika juu, ukatulia. Mwanga wa asubuhi ukajaa gerejini.

"Si mmeona?" mjomba akasema, akaanza kulisukuma toroli tupu nje.

Paa!

Mlango ulishuka wote kwa mara moja. Sakafu ilitikisika. Vumbi lilipotua, toroli lilikuwa limebonyea kama kopo lililokanyagwa, na mjomba alikuwa amekaa chini ameshika mkono, uso umesawijika. Kona ya mlango ilikuwa imempitia kwenye kifundo cha mkono.

Hata Bonge aliacha kulia. Mama alilitazama toroli, akamtazama Bonge, akaketi juu ya furushi la mashuka safi.

Hospitali walisema mfupa umevunjika, wakamfunga mjomba plasta. Fundi wa milango alirudi. Mama alimpokea kwa salamu na kiti, akamwambia, "Nilifurahia bei rahisi, fundi, sikuuliza imekuwaje rahisi. Niwie radhi." Fundi alikuwa amesimama mbele ya lile toroli.

"Hakuna mtoto aliyekuwemo?" akauliza.

"Hakuna," mama akasema.

Bei ilikuwa ile ile ya mwanzo. Ila sasa kulikuwa na gharama ya hospitali na ya toroli jipya juu yake, pamoja na mteja mmoja aliyekasirika. Mjomba aliuza simu yake, hela yote akamkabidhi dada yake bila kuambiwa.

Jioni springi mpya ilipokuwa imeshajaribiwa, mjomba alimwita Sisimizi wakae ngazini, nje. Akakaa akikwaruza plasta yake kwa ukucha.

"Umeninunia?" Sisimizi akauliza.

"Nilinuna. Njia nzima ya hospitali nilinuna. Halafu nikafumba macho, nikaliona lile toroli." "Sikiliza, mjomba wangu. Ulinyamaza kwa sababu unanipenda. Mimi nililijua hilo, na ndiyo sababu nilikuomba unyamaze. Mkono huu ni malipo madogo sana. Kuanzia leo, mtu mzima yeyote akikuambia ufiche jambo linaloweza kumuumiza mtu, usilifiche hata kidogo. Hata akiwa ni mimi. Hata akilia. Nenda ukaseme siku hiyo hiyo, na akinuna, mwache anune."

"Nilichelewa kusema."

"Ulichelewa, ndiyo," mjomba akasema. "Lakini Bonge anakunywa uji wake pale ndani. Hebu msikilize anavyogonga kijiko."

Wakamsikiliza.