Mwanamke wa Ukuta wa Kliniki

Sokoni hapakuwa na pa kutia mguu, na mpiga picha alikuwa amesimama katikati ya njia, simu juu, akiupiga picha ukuta wa saluni. Wenye mizigo walimpita wakimsonya. Kazi yake ilikuwa studio ya picha za pasipoti, lakini akipata nafasi alizunguka mjini kuwatafuta wanawake waliochorwa: wa mabango ya sabuni, wa milango ya mafundi cherehani, hata yule wa shaba mbele ya benki, aliyebeba mtungi na haijulikani anaupeleka wapi.

"Dada, unanipiga mimi au huyu?" aliuliza mchoraji kutoka juu ya ngazi.

"Huyu. Wewe unaniziba."

"Subiri basi nimalizie nyusi."

"Malizia na mikono. Wanawake wako wote hawana mikono! Huyu umemficha nyuma ya maua, yule nyuma ya chupa ya mafuta. Walikuibia nini?"

Mchoraji alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Kweli mikono ilimshinda, na hakuna mteja aliyewahi kugundua. Alimtazama vizuri huyu mwenye gauni la njano na ulimi mkali, akaomba namba ya simu. Akapewa.

Tangu hapo, kila jioni mpiga picha alikaa juu ya ndoo ya rangi, mikono magotini, akichorwa vidole.

"Mpenzi, umekula?" alikuwa akimpigia simu baadaye.

"Nimekula, ila kidole gumba chako kimenikataa tena."

"Kimekukataa, au unakikodolea macho tu?"

Baba yake hakujua lolote. Binti alitaka kumwambia mwenyewe, kwa wakati wake. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na asubuhi moja shangazi alipiga simu.

"Hongera mwanangu. Ila ungetuambia sisi kwanza."

"Hongera ya nini, shangazi?"

"Ya tumbo! Nimekuona ukutani, kliniki ya wajawazito. Baba yako yuko hapa, chai imemshinda."

Alimpigia mchoraji papo hapo.

"Umenichora?"

"Umeshaiona? Nilitaka iwe sapraizi!"

"Umenipa mimba mbele ya mji mzima!"

"Tumbo aliagiza daktari, mpenzi. Mimi niliweka sura tu."

"Sura ya nani? Mimi hata kitoto kichanga sikipigi picha kama mama yake hajakubali. Wewe hukuona haja ya kuniuliza!"

Akakata simu, akalia. Alimpenda, na ndiyo maana iliuma.

Siku chache baadaye alikwenda kliniki kudai picha ifutwe. Alimkuta mchoraji ameshafika, ana kopo la rangi nyeupe, brashi bado kavu. Ukutani alisimama mwanamke wa gauni la bluu, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo, akitazama mbele bila kumchekea mtu. Hakuwa anauza kitu. Mpiga picha aliipenda picha ile, na hasira zikazidi.

"Nimekosa," alisema mchoraji. "Nilikuchukua kama vile ninavyochukua rangi koponi. Nafuta sasa hivi."

"Jamani, msimfute!" alidakia mjamzito mmoja kwenye benchi. "Huyu anasimama kama sisi. Mgongo unamuuma, hamwoni?"

Mpiga picha aliitazama tena ile mikono. "Mikono iache. Sura mpe mtu aliyekubali."

"Mimi nipo!" alisema yule wa benchi, akanyoosha kilemba.

Mchoraji alianza kazi, akiuliza kila hatua: pua iwe hivi, dada? Na kidevu? Mjamzito akawa anatoa amri, benchi zima likicheka. Mchoraji alipomaliza, alimgeukia mpiga picha akiwa hana raha.

"Na wewe, sitakuchora tena?"

"Mimi nimekusamehe. Aliyebaki ni baba, na hajasahau lile tumbo. Ukinitaka, nenda ukaseme naye. Jumamosi. Vaa shati lisilo na rangi."

"Sina shati kama hilo."

Alimkagua kuanzia kola mpaka viatu, akaona ni kweli.

"Nenda hivyo hivyo basi. Ajue ananioza kwa nani."