Mti wa Arobaini na Moja

Duara lile lina miti arobaini, na Dafrosa alikuwa tayari kuapa mbele ya padri kwamba haijawahi kuzidi. Kila baada ya miaka mitano ofisi yake ya misitu iliwatuma yeye na msaidizi kwenye msitu uleule, mbele ya kijiji cha Ntalikwa, kando ya ile njia pana waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu zamani, wakapime miti ileile na kuona upi umekua, upi umekatwa, upi umekauka. Safari hii alikwenda na kaka yake Mathias, kibarua wa siku tatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyembembeleza. Levina, mke wa Mathias, alikuwa na kichanga nyumbani na hakutaka hata kusikia habari za porini.

"Wifi, nitamrudisha mwenyewe kabla ya saa kumi," Dafrosa alimwahidi. "Akikosekana hata ukucha, uje unikabe mimi."

Kazi ina utaratibu wake. Mathias anazungusha tepu kwenye shina, usawa wa kifua, anapaza sauti: namba ya kibati kilichopigiliwa mtini, mzunguko, kisha hai au umekufa. Dafrosa, aliyekaa katikati ya duara, anarudia kwa sauti halafu anaandika. Akisharudia, imepita. Hakuna kubishana tena.

Saa saba mchana, jua likiwa kali, Mathias alikuwa amezama vichakani upande wa korongo, haonekani, anasikika tu.

"Arobaini! Mninga, sentimita mia moja na nne, hai!"

"Arobaini, mninga, mia moja na nne, hai," Dafrosa alirudia. Ahsante Mungu, wamemaliza.

"Arobaini na moja! Sentimita tisini na mbili. Amekufa!"

"Arobaini na moja, tisini na mbili, amekufa." Mdomo ulishazoea, jamani, na mkono ukaandika kabla kichwa hakijashtuka.

Ndipo akasoma alichoandika. Mti husemwa umekufa. Hapo hakosei hata mtoto wa chekechea, sembuse Mathias aliyefundisha Kiswahili miaka miwili. Anayesemwa amekufa ni mtu. Na sentimita tisini na mbili ni kifua cha mwanamume.

"Kaka?" Dafrosa aliita. "Kaka Mathias, utani huo siutaki!"

Nyuki waliokuwa wakivuma kwenye mzinga juu ya mti wa mtundu walinyamaza wote kwa mpigo, ikaja harufu, harufu ya jasho la watu wengi waliotoka mbali, jasho na tumbaku kali na vidonda vya miguuni, ikampita kushoto na kulia kama msafara mzima unaopita pale alipokaa, na hakuna jani lililotikisika, na katikati ya harufu ile sauti ya kaka yake, karibu sasa, karibu kabisa, nyuma ya kisogo chake, ikauliza polepole, "Amekufa?"

Nimemuua, Dafrosa aliwaza. Nimemuua kaka yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Alilikata lile neno kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika, akapiga kelele bila kugeuka, "Hai! Arobaini na moja yuko hai! Nasema yuko hai!"

"Yuko hai," sauti ikarudia.

Nyuki wakaanza kuvuma tena. Dafrosa alipogeuka, Mathias alikuwa amesimama pale, mikono mitupu, anatabasamu. Alimrukia, akalia, akamgombeza, akalia tena. Mathias alijinasua. Alichukua dumu la maji akanywa mpaka likaisha.

"Tepu umeiacha wapi?"

"Twende nyumbani," alisema.

Dafrosa alifunga daftari. Tepu kitu gani? Alimpakia kwenye pikipiki, na saa kumi haijafika walikuwa uani.

Mathias alimsalimu mkewe kwa Kinyamwezi cha watu wa kale. Levina akacheka. "Makubwa! Leo mume wangu anaongea kama marehemu bibi." Akampa mtoto, akaenda jikoni kusonga ugali. Mathias aliingia chumbani, Dafrosa nyuma yake, akakaa mkekani, akamlaza mtoto kifuani na kumnusa utosi.

Simu ya Dafrosa ikaita. Kwenye kioo pameandikwa Kaka Mathias.

"Dafrosa! Uko wapi wewe?" Alikuwa anahema. "Nilitumbukia korongoni nilipomaliza ule mninga. Mguu umeteguka, nimekuita mpaka sauti imekauka. Nimejikokota juu ya kichuguu ndio nimepata mtandao. Nilikuona unaondoka na mtu. Ni nani huyo uliyempakia?"

Harufu ya jasho ilikuwa imejaa chumbani. Dafrosa alipiga magoti taratibu mbele ya mkeka, akanyoosha mikono.

"Naomba mtoto," alinong'ona. "Nimpeleke kwa mama yake akanyonye. Tafadhali."

Aliyekaa mkekani hakuinua uso.

"Wangu nilimwacha hajaanza kukaa, nikabebeshwa pembe," alisema, akimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. "Umesema mwenyewe niko hai. Huyu simwachi."