Aliyekaa Kiti cha Nyeusi

Tangu mkewe Nadège ahamie Uvira na watoto, mwalimu Placide alicheza sataranji peke yake nyumbani kwake Baraka. Akisogeza nyeupe, anahama kiti, anasogeza nyeusi. Alasiri moja alihama, akakuta farasi mweusi ameshasogea. Kiti kilikuwa baridi kama mtungi, na chumba kilinuka udongo uliolowa, ilhali ni kiangazi na mvua haijaonekana kwa wiki nyingi.

Alikimbia hadi barabarani. Kesho yake akarudi kukaa, maana hakuna mwingine aliyemngoja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hili lilimnong'oneza "Cheza" kwa upole kuliko alivyosemeshwa na mtu yeyote mwaka ule. Naye, masikini, akawa anaharakisha vipindi shuleni ili awahi nyumbani.

Kisha yakaja mashindano, katika ukumbi wa parokia. Placide alikuwa wa mwisho kwa pointi. Mpinzani wake Norbert, fundi wa redio kutoka Fizi, alikuwa wa kwanza, na watu wakacheka wazi. Hatua ya ishirini na moja Placide alinyoosha mkono ashike ngome, lakini baridi ikapanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, harufu ya udongo ikatanda mezani, mkono ukavutwa pembeni ukamshika malkia, na kwa kuwa kete iliyoguswa lazima ichezwe, akamtoa aliwe, huku Norbert akimla kwa tabasamu, asione kwamba hatua tatu mbele mfalme wake hana pa kukimbilia.

Mwenye pointi chache akashinda. Norbert alipompa mkono, kama ada ya aliyeshindwa, Placide alihisi baridi ikimtoka yote.

Nyumbani alikaa, akahama, akakaa tena. Nyeusi hazikusogea siku ile, wala wiki ile. Nadège alipoondoka, Placide alilia. Safari hii alilia zaidi, na aliona aibu.

Jumapili Norbert akabisha hodi, macho mekundu.

"Mwalimu, ile kitu ya baridi yenye ilitoka mu mkono yako iko kwangu," alinong'ona. "Kete zinatembea zenyewe. Bibi yangu amekimbia na batoto betu. Kesho Mama Georgette wa maombi atakuya kuifukuza. Mi naogopa."

"Inasema nini?"

"Kila saa inaniita na jina yangu, mu sauti ya pole."

Placide alishikilia mlango.

"Na mi? Inaniulizia?"

"Hapana, Mwalimu. Hata siku moja."