Aliyeitika Kisimani

Kosa liliondoka lenyewe, mchana kweupe, bila mtu kulirekebisha.

Restuta alikuwa amepambana nalo wiki nzima katika ofisi yao ya Kizota. Yeye na mwenzake Obedi walikuwa wakihamisha programu ya kuendesha pampu za maji kutoka mfumo wa kompyuta wa Windows kwenda wa Linux. Kila walipojaribu kuviunganisha vipande vyake, kompyuta ilikiita kipande kimoja, fungua_maji, ikakikosa, ikagoma. Kipande hicho kiliandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani tu, na aliyekiandika hakuna aliyejua alipo.

Siku hiyo bosi wao, Halfani, alikuwa ametoka kumfokea mbele ya mteja. Restuta akapiga meza ngumi.

"Kama kuna yeyote humo ndani, si aitike! Mshenzi mkubwa!"

"Abee," sauti ikajibu taratibu, kutoka chini ya meza.

Kwenye skrini kosa halikuwepo tena. Chumba kikanuka tope bichi, na nje kiangazi kilikuwa kimekausha hata majani ya miba.

"Umeisikia?" Obedi akanong'ona.

"Nimeisikia. Hii hatumkabidhi mtu."

Lakini Halfani aliichukua programu hiyo jioni ile ile, akaifunga kwenye pampu ya kisima cha Ipagala. Restuta alimfuata hadi mlangoni. "Kile kipande hatukukiandika sisi, bosi! Hatujui ni nini!"

"Inafanya kazi, haifanyi?"

"Inafanya, lakini..."

"Basi funga mdomo."

Kesho yake maji ya Ipagala yalitoka na nywele ndefu nyeusi, na akina mama waliofungua mabomba walisikia mtu akihema ndani. Obedi alikwenda kuizima pampu. Majirani walimkuta chali kando ya mtambo, macho wazi, maji yakimtoka puani, hamtambui mtu.

Restuta alimkaba Halfani shati mbele ya watu, akamwachia, akaenda moja kwa moja Majengo kwa Bi Salma, mganga wa Kirangi aliyeuza dawa nyuma ya soko la nafaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimsikiliza hadi mwisho. "Ulimwita, akaja, akapewa kazi. Kumfokea hakumtoi, mwanangu. Mwondolee hiyo kazi."

Walikwenda pamoja kisimani. Bi Salma akafukiza ubani, na Restuta akakiandika upya kile kipande, mstari kwa mstari. Alipoviunganisha, kompyuta ikagoma tena: jina fungua_maji lina wenyewe wawili. Akamtafuta huyo wa pili kila mahali asimwone, na huku anatafuta bomba likaanza kumwita, kwanza kwa sauti ya Obedi, kisha ya mama yake aliyekwisha kuzikwa, Restuta, Restuta, geuka basi mwanangu, karibu kabisa na shingo yake, na harufu ya tope ikamjaa kooni, naye akauma meno kwa hasira, machozi yanamtoka, asigeuke, asiitike.

"Bibi," alinong'ona, "analing'ang'ania jina."

"Mwachie. Tafuta jingine, asiitwe tena."

Restuta akakipa kipande chake jina jipya, akalibadili kila lilipoitwa. Vipande vikaungana. Mtambo ulipowaka, kilio kirefu kilipita ndani ya mabomba ya mtaa mzima, kikafifia kuelekea mbugani, na maji yakatoka safi. Obedi, aliyekuwa bado amelazwa kando ya mtambo, alitapika tope, akauliza nani kamvua viatu.

Halfani alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha pampu.

"Futa ile nakala ya kwanza," Restuta akamwambia. "Sasa hivi, nikiona."

Halfani akarudi nyuma hatua moja.

"Nimesema futa!"

"Niliwapa na wengine," alisema kwa sauti ndogo. "Wa Bahi. Wa Chamwino. Walikuwa na haraka."

Simu yake ikaita. Akaitazama tu.

"Pokea," Restuta alisema. "Pokea, uwaambie ulichowafungia."

Alipopokea, kabla hajasema halo, mwanamke wa Bahi upande wa pili alikuwa akipiga mayowe kwamba mwanawe ameinamia bomba, wanamvuta watu wanne, na hainuki.