Mgeni wa Kapteni Kettleman

Ardith Kettleman aliigeuzia meza mgongo ili aepue mkate wa mahindi kwenye oveni. Aliporudi, bilauri ya mumewe, aliyoijaza chai baridi hadi ukingoni, ilikuwa tupu. Vipande vya barafu vilikuwa vimelala chini, vikavu kama kokoto.

"Royce, umekunywa saa ngapi?"

"Kunywa nini? Hata viatu sijavua!" mumewe akajibu kutoka barazani.

Ardith akacheka, akamimina nyingine. Lakini siku zilizofuata, kicheko kilimkauka. Bakuli la mbwa lilikauka dakika chache baada ya kujazwa. Maua aliyoyatia kwenye jagi la maji yalinyauka kabla ya jua kutua. Kisha ikaja harufu, tamu na ya kuchefua, kama matufaha yaliyooza yaliyochanganywa na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alisogeza friji, akatoa vyombo vyote kabatini, akamwaga dawa kwenye mabomba. Harufu haikwenda kokote. Mbwa ndiye aliyekwenda, akahamia kwa jirani, na kila alipoitwa aliketi palepale akitetemeka.

Adhuhuri moja, Royce akiwa kazini, Ardith alikuwa akikunja nguo chumbani aliposikia bomba la jikoni likifunguliwa, kisha akasikia koo la mtu, gudu, gudu, gudu, mtu anayegugumia maji bila kuvuta pumzi, na alipotoka taratibu akishika ukuta wa korido aliona maji yakitoka bombani yakikatikia hewani kabla ya kufika kwenye sinki, yakiingia pasipoonekana, na ile harufu ya matufaha ikamjia usoni kwa pumzi fupifupi za moto, kana kwamba mwenye kiu hiyo amegeuka na sasa anamtazama.

"Nani?" Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Samahani, mama," sauti ya kijana ikajibu kwa upole kutoka hewani. "Naomba maji zaidi."

"Wewe… wewe ni nani?"

"Odell. Kapteni alinikaribisha."

Jioni, Ardith alipolitaja jina hilo mezani, uma ulimtoka Royce mkononi. Alikuwa kapteni, mkuu wa jela ya kaunti, mtu mnene mwenye sauti nene.

"Nani amekwambia habari za Odell Stallworth?"

"Amenambia mwenyewe. Nataka kusikia kwako."

Royce akafuta mdomo. "Alifia jela mwezi uliopita. Alikuwa na kisukari, eti. Pale kila anayeingia ana ugonjwa! Alikunywa maji kama ng'ombe na kukojoa usiku kucha, pumzi yake ikinuka matufaha yaliyooza, askari wakaona anawachezea, wakamfungia bomba."

"Nesi je?"

"Kumwona nesi ni dola ishirini. Hakuwa nazo."

"Kwa hiyo akaachwa?"

"Ardith, kitanda chenyewe ni dola arobaini kwa siku na hiyo nayo hakulipa! Unataka walipa kodi wawalishe wahalifu?"

"Alifanya kosa gani?"

Royce akaangalia sahani. "Taa ya gari lake ilikuwa mbovu. Akashindwa kulipa faini. Alikuwa anangoja kwenda mbele ya hakimu."

Ardith akaisukuma mbali sahani yake. Kijana wa watu amefungwa kwa sababu hana hela, akadaiwa hela za kufungwa, akanyimwa dawa kwa sababu hana hela! "Anasema ulimkaribisha hapa," akanong'ona.

"Ah, huo ni utani tu." Royce akajaribu kucheka. "Huwa nawaambia wote wanaonisumbua: Hapa si hoteli, mkitaka kuhudumiwa nendeni nyumbani kwangu, mke wangu ni mkarimu sana."

Jikoni, bomba likafunguka lenyewe.

Mchungaji alikuja siku ya pili na bakuli la maji ya kuombea. Alipofumba macho, kitu kisichoonekana kikainamia bakuli na kuyanywa maji mbele ya macho ya Ardith. Mchungaji alipofumbua na kuliona bakuli limekauka, alikusanya vitu vyake. "Dada, hili si pepo la kufukuzwa," akasema akirudi kinyumenyume. "Huyu ana haki yake." Akasahau kofia.

Ndipo Ardith akaendesha gari hadi nyuma ya kiwanda cha kuku, kwenye nyumba ya mbao ya Verlene Stallworth, mama yake Odell. Verlene alifungua mlango akiwa bado na aproni ya kazi. Alimtambua mara moja.

"Mke wa kapteni! Umeniletea bili nyingine kwa mkono wako? Stempu zimewaishia?"

"Bili?"

"Hujui? Mumeo amenidai kitanda cha mwanangu, chakula ambacho hakula, mpaka siku waliyomtoa amefunikwa shuka. Hata maiti wangu alipangishwa, bibi. Sasa sema shida yako, nimesimama toka alfajiri."

Ardith alishindwa kupamba maneno. "Mwanao yuko kwangu."

Verlene alinyanyua mkono kama anayetaka kumzaba kofi. Mkono ukabaki hewani.

"Ananuka matufaha," Ardith akasema haraka. "Ananiita mama. Ana adabu. Anakunywa kila kitu."

Mkono ukashuka. Verlene akaegemea fremu ya mlango.

"Kumbe mpaka leo ana kiu," akasema. Akavua aproni, akachukua funguo za gari.

Royce alikuwa barazani walipofika. "Huyu anatafuta nini hapa?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu," Verlene akamwambia. "Au na kwako pia mtu hatoki bila kulipa?"

"Sikiliza, mama, ile bili naweza kuifuta…"

"Itafune ukitaka."

Akampita, akasimama katikati ya jiko. "Odell," akaita, kwa ile sauti ya kumwamsha mtoto wa shule. "Inatosha, baba. Twende nyumbani."

Bomba likajifunga. Nyayo zenye maji zikajichora sakafuni, moja baada ya nyingine, zikamfuata mpaka nje. Verlene akafungua mlango wa nyuma wa gari lake kuukuu. Gari likainama upande mmoja, kama linavyoinama anapoingia kijana mrefu. Verlene akafunika mdomo kwa kiganja.

"Funga mlango, mwanangu."

Mlango haukufungwa. "Mama," sauti ikasema kutoka kiti cha nyuma, "na wenzangu waliofia jela?"

Ndani ya nyumba mabomba yote yakafunguka kwa pamoja, la jikoni, la bafuni, la chooni, na juu ya mngurumo wa maji kikasikika kikohozi cha mzee, kilio cha msichana, mtu akigonga ukuta kwa ngumi akiita nesi, nesi, nesi, na wengine nyuma yao wakisogea kwa mburuzo wa ndara za jela kuelekea sebuleni.

Verlene akamgeukia Royce.

"Mimi nilizaa mmoja," akasema. "Hao wengine nao wana mama zao. Watafute, uwaambie watoto wao walipo."

Akafunga mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Ardith akazunguka, akaketi kiti cha mbele, bila mkoba, bila koti.

"Ardith!" Royce akapiga kelele, akikimbia kando ya gari lililoanza kuondoka. "Unaniacha na nani?"

Ardith akashusha kioo.

"Na wageni wako, Royce."

Nyuma ya kapteni, mlango wa mbele ukafunguka polepole kutoka ndani, na mtu fulani akamwambia karibu.