Bembea Kubwa ya Nkuba

Ndugu zangu, Jumapili za Rujewa zilikuwa na raha yake. Watu wakitoka kanisani waliwapeleka watoto kwa Nkuba, kwenye bustani yake ya michezo yenye bembea, mtelezo na bwawa dogo la kuogelea. Yeye na mkewe Minza walikaa getini, wakisalimia wageni kwa majina.

Kisha Bi Hanifa, mfanyabiashara kutoka Iringa, akafungua bustani yake ng'ambo ya barabara. Haikuwa kubwa, ila kila asubuhi fundi wake alikagua nati moja moja. Mtelezo ulipopata ufa, aliufunga wiki nzima.

"Huyo hafiki Krismasi," Nkuba alicheka.

Lakini mwezi haukuisha, wageni wakaanza kuvuka barabara. Nkuba akauza ng'ombe kumi na wawili, akaamua kujenga bembea kubwa ya kuzunguka, ambayo mfano wake Rujewa haikuwahi kuuona.

Fundi Boniface hakumficha. "Mzee, haya mabomba ni membamba. Tuyabadilishe. Nipe wiki mbili."

"Pasaka ni Jumapili hii. Wewe paka rangi tu."

"Baba Kalista, msikilize fundi," Minza alimsihi.

"Unataka Hanifa atucheke?"

Minza akarudi getini. Mnajua nyumba ambamo neno la mke haliingii.

Siku ya Pasaka watu walifurika. Nkuba alimpandisha kwanza Kalista, binti yake wa miaka tisa, ili watu waone hakuna hofu. Mzunguko wa tatu bomba likakatika, kiti kikaanguka na mtoto.

Gari lililompeleka hospitali lilikuwa la Hanifa. Nkuba aliketi nyuma, mtoto mapajani.

"Mshike vizuri, mguu usitikisike," Hanifa alimwambia.

Kalista alipona, lakini anachechemea mpaka leo. Bustani ya Nkuba ilifungwa, na hakuna aliyeomba ifunguliwe. Jioni moja, mtoto akamuuliza, "Baba, ulijua itakatika?"

Nkuba aliinamisha kichwa. "Fundi aliniambia, mwanangu."

FUNZO

Ushindani si dhambi, na mteja ana haki ya kuchagua. Mwenzako akikuzidi kwa ubora, mjibu kwa ubora. Fundi akisema bado, ni bado. Ukikimbilia sifa, wanaoumia ni wale waliokuamini, na pengine ni damu yako mwenyewe.