Nywele Zangu Ziko Mtoni

Jioni ile tulikuwa tunaenda kuchukua kofia tu. Kofia, fimbo ya kuvulia na kisanduku. Mkulima mmoja mzungu anayekaa kando ya mto, huko magharibi nyuma ya milima, alimpigia simu binti yangu Wanjugu kwamba ameviona kwenye manyasi, na ni vya yule kaka yake aliyezama. Wanjugu ni nesi. Alitoka kazini na viatu vya wodini miguuni, akanipakia garini hapa Seven Hills, mtaa wetu wa Sydney, tukaanza kupanda milima jua likituchoma machoni.

Kaka yake alikuwa Njenga, mwanangu wa kwanza. Polisi walimtafuta wakachoka. Mto haukumrudisha.

Njenga alishikwa na uvuvi wa trauti kama wengine wanavyoshikwa na pombe. Samaki hao nawajua. Wazungu waliwamwaga hata kwenye mito ya kwetu Kiganjo, na baba yangu hakuwagusa, alisema ni nyoka wa maji. Huyu wangu naye hakuwala. Alisimama majini kutwa akirusha uzi. Anamvua samaki, anamwangalia, anamrudisha. Mchezo wa watu walioshiba. Na chambo si mnyoo, ni kimdudu cha uongo: ndoano ndogo kama ukucha wa mtoto, imezungushiwa manyoya ielee kama inzi.

Sasa, nywele. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Unazichoma, au unazitupa shimo la choo, mkono wa mtu usizifikie. Katika fleti ya Sydney utachomea wapi? Nilijaribu mara moja kwenye sinki. King'ora cha moshi kikalia jengo zima, watu wakateremka na nguo za kulalia, Njenga akanikataza. Basi kila nilipochana nilizitia kwenye kopo la majani ya chai, nizirudishe nyumbani siku nikienda.

Njenga akaliona kopo. Akafungia ndoano zake nywele zangu nyeupe. Nilipomgombeza alicheka, akasema Mami, hizi zinaelea kuliko manyoya ya jogoo, na kuna trauti mkubwa pale kilindini amekata uzi akaondoka na moja mdomoni.

Nilimwita mjinga. Jumamosi akaenda tena.

Wekesa, rafiki yake waliyekuwa naye, ndiye aliyetusimulia. Walikuwa wanafunga vitu waondoke. Njenga akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. Akasema, "Naam, Mami?" Akatabasamu. Akaingia majini akielekea penye kina, na ile suruali yake ya mpira inayofika kifuani ikajaa maji.

Mimi nilikuwa hapa Seven Hills nakaanga vitunguu.

Basi tulifika jua likizama. Mkulima akatukabidhi vitu, akatuonyesha kilindi kwa kidole, akarudi kwa ng'ombe wake. Wanjugu akasema anataka kupaona. Nikamwambia paone upesi, baridi hii haina adabu. Akateremka mpaka ukingoni. Mimi nikabaki juu, nikafungua kisanduku.

Vimdudu vyeupe. Vingi. Vyote kichwa changu.

Kisha nikasikia harufu. Ile ya kwenye sinki… nywele zinazoungua.

Ndege wakanyamaza.

"Wanjugu…"

Sikuwa nimefungua mdomo.

"Wanjugu, mwanangu… umechoka. Njoo usinzie kidogo hapa kwangu."

Ilitoka majini. Sauti yangu, na pengo langu la mbele likipuliza upepo vilevile.

Wanjugu hakugeuka. Mabega yake yalilegea kama ya mtoto aliyebebwa. "Mami," alisema, tayari analia. Akatia mguu majini. Kisha wa pili.

Nilitaka kumwita. Lakini jina lake lilikwisha kuitwa kwa sauti hii hii, angejuaje? Na huyo wa majini alimwita vizuri. Mimi tangu nizae watoto hawa sijawaita hivyo hata siku moja. Hapo ndipo nilipojua Njenga alitabasamia nini.

"Wewe kichwa maji," nilimwambia. "Kesho utaingia wodini na viatu vya tope? Nani atakufulia, mimi? Toka hapo kabla sijakushika masikio."

Akasimama. Akageuka.

"Mami?"

"Nani mwingine angekuvumilia?"

Akatoka. Nikamshika mkono, tukapanda. Na nyuma yetu maji yakaitika. Kwa sauti ya mwanamume.

"Naam, Mami?"

Miguu yangu ilikataa. Nilimsikia wazi, ananingoja niseme nilichomwitia. Wanjugu alinivuta mpaka sweta ikachanika begani. Sikumjibu mwanangu. Nilimwacha pale gizani anaitika peke yake.

Tulipofika nyumbani nilichoma nywele zote kwenye sinki, za kopo na za kisanduku. King'ora kikalia. Nikakiacha kilie. Ile moja iliyo mdomoni mwa samaki, nani ataichoma?

Wiki iliyopita tukinywa chai Wanjugu alinitazama kwa macho laini. Akanishukuru kwa maneno niliyomwambia jana yake jioni akiwa anaoga, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa bafu. Jioni hiyo mimi nilikuwa kanisani. Nikamuuliza nilisema nini.

"Kwamba nimechoka. Nije nisinzie."

Nikaweka kikombe chini. "Sikiza, punguani. Siku yoyote ukisikia nakuita vizuri, usiitike."

Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

Sasa kila asubuhi husimama mlangoni na mkoba wake, ananingoja nimtukane ndipo ajue ni mimi, ndipo aende. Jana alirudi kutoka kazini amechoka kweli, macho mekundu, akajiegemeza ukutani akanitazama. Neno lilinijia mpaka kwenye ulimi.

Nikalimeza. Nikamwambia viatu vyake vinanuka.